Gitaa la Bei Rahisi na Mfupa wa Bucha

Leo Fender hakujua kupiga gitaa. Huyu ambaye jina lake limeandikwa kwenye vichwa vya magitaa dunia nzima alikuwa fundi redio. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton, California, na wanamuziki wa pale wakawa wanampelekea amplifaya zao zilizokufa. Alipotoa gitaa lake la ubao mtupu mwaka 1950, lile ambalo baadaye liliitwa Telecaster, alikuwa amelifikiria kwa akili ya mtu ambaye riziki yake inatokana na kufungua vitu vilivyoharibika. Mwili wake ni kipande cha mbao kisicho na uwazi wa tumbo. Shingo haikugandishwa kwa gundi, imefungwa kwa skrubu nne. Swichi, vitufe na nyaya zimekaa mahali ambapo bisibisi moja inatosha kuzifikia. Kitu kikifa, unakitoa, unaweka kingine. Washindani wake, waliotoka katika ufundi wa zamani wa kuchonga na kugandisha, walilibeza.

Miaka minne baadaye ikaja Stratocaster: pikapu tatu za kunasa sauti, pembe mbili zilizochongoka, mgongo uliokatwa ili usiumize mbavu. Umbo hilo ndilo linaloning'inia leo katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, limenakiliwa na viwanda ambavyo hakuna anayevijua kwa jina, linauzwa ndani ya boksi moja pamoja na mkanda, waya na amplifaya ndogo, kwa bei ya simu ya wastani. Ninalo moja, jekundu. Wapigaji wazoefu wakiliona kwa mara ya kwanza hutazama kichwani kutafuta jina, na wasipoliona, mazungumzo yanahamia jambo jingine. Nataka kulitetea gitaa hili. Silionei huruma. Nimelifungua mara nyingi na nimeona lilivyo ndani.

Ninachoamini ni kwamba gitaa la bei rahisi na la bei ghali ni ndugu wa damu. Mbao zao hupita kwenye mashine za aina moja, zinazoongozwa na kompyuta, na mashine haijui kama inachonga gitaa la laki tatu au la milioni tatu. Ujuzi huo umesafiri. Katika miaka ya 1970 viwanda vya Japani vilinakili magitaa ya Marekani kwa ustadi kiasi kwamba mwaka 1982 kampuni ya Fender yenyewe iliona heri kushirikiana navyo kuliko kushindana navyo. Ikalichukua jina la Squier, kampuni ya kutengeneza nyuzi iliyokuwa imeinunua mwaka 1965, ikalibandika kwenye magitaa yaliyoundwa katika kiwanda cha FujiGen, mjini Matsumoto. Yalikusudiwa kuwa magitaa ya mtu asiye na fedha nyingi. Leo wakusanyaji wanayagombania. Gharama za Japani zilipopanda, kazi ikahamia Korea, kisha Indonesia na China. Kila ilipohama, mashine zilihama nayo. Kinachobaki nyuma, kinachokatwa ili bei ishuke, ni saa za mwisho za mikono: saa za mtu aliyekaa na gitaa moja mapajani, tupa mkononi, akisikiliza.

Saa hizo ndizo ghali, na bahati nzuri ndizo ambazo mnunuzi anaweza kuzitoa mwenyewe.

Chukua freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Kiwandani vinagongwa, vinakatwa usawa wa ukingo, kisha gitaa linaingia kwenye boksi. Lakini mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutema. Shingo iliyotengenezwa kwenye joto la unyevunyevu la Asia ikifika Dar es Salaam haioni tofauti kubwa. Ipeleke Dodoma au Iringa wakati wa kiangazi, uache wiki kadhaa zipite: mbao inanywea, chuma hakinywei, na ncha za freti zinachomoza pembeni. Ukipitisha kiganja kutoka kichwani kwenda mwilini unahisi meno, na ukikipitisha kwa haraka unatoka na mkwaruzo. Watu wengi wanaokata tamaa na gitaa la kwanza hawajui kwamba kilichowakatisha tamaa ni kitu hicho. Mkono ulikuwa unaogopa shingo bila wao kutambua. Dawa yake ni tupa laini, karatasi ya gundi ya kufunika mbao isichubuke, na jioni nzima ya kazi ya polepole: unalaza tupa kwa mshazari, unagusa ncha moja moja, unapitisha kidole, unarudi. Kwa kiwanda, jioni nzima kwa kila gitaa ni hasara. Kwangu ilikuwa jioni ya raha, redio ikiwa inaimba pembeni.

Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya mfupa.

Juu kabisa ya shingo, pale nyuzi zinapovuka kwenda kwenye funguo za kukazia, kuna kipande chenye urefu wa milimita 42 hivi na unene wa milimita tatu na ushee. Kina mifereji sita. Nitakiita kizingiti, kwa sababu kila uzi lazima ukivuke. Kwenye gitaa la bei rahisi kizingiti ni cha plastiki, mara nyingine kina uwazi chini, na mifereji yake imekatwa juu juu kwa usalama: kiwanda kinaogopa mfereji uliozidi kina, kwa kuwa huo ndio unaofanya uzi ugonge freti na kulalamika. Mfereji wa juu haulalamiki. Unamuumiza mpigaji kimya kimya. Ukibana uzi kwenye freti ya kwanza unalazimika kuushusha mbali, na uzi ukishushwa mbali unavutika, na ukivutika sauti yake inapanda kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo kodi ya F, ile ambayo kila anayejifunza anaitaja kwa uchungu, inauma na pia haiimbi sawasawa, hata nyuzi zikiwa zimetuniwa vizuri. Halafu kuna kukwama. Unazungusha ufunguo, hakuna kinachotokea, unazungusha tena, unasikia "ting!", na noti imeruka imepita pale ulipoitaka. Watu wakisikia hivyo hulaumu funguo. Wanaagiza funguo mpya, wanalipa ushuru, wanazifunga, na "ting" iko pale pale, maana kosa lilikuwa kwenye mfereji wenye kingo mbaya. Penseli tu, ukisugua ncha yake ndani ya mfereji hadi uwe mweusi, ingewaonyesha ukweli kabla hawajatoa senti.

Kwenye magitaa ya thamani, kizingiti kizuri ni cha mfupa. Wauzaji wa vifaa vya magitaa huko nje wanauza vipande hivyo vikiwa vimekatwa na kung'arishwa, ndani ya vipakiti. Ni mfupa wa ng'ombe. Mimi naishi umbali wa kutupa jiwe kutoka bucha.

"Nipe wa paja," nilimwambia muuza nyama, "ulionyooka, mnene."

"Wa supu, kaka?"

"Wa gitaa."

Aliuacha ule aliokuwa ameushika, akachagua mwingine, akaugonga kwa kisu kusikiliza. Sijui alikuwa anasikiliza nini, lakini alichagua vizuri.

Mfupa mbichi haufai. Unatoa uloto wote, unakwangua nyama na utando, unachemsha taratibu, kisha unauloweka kwenye maji ya sabuni na kuyabadilisha hadi yasifanye tena ukungu wa mafuta juu. Mafuta yakibaki ndani, mfupa unakuwa wa njano na laini, na mifereji inalika haraka. Kuukausha ni kivulini. Jua kali linaupasua. Ukiugonga ukiwa tayari unatoa mlio mkavu, mfupi, na hapo unaelewa kwa nini mafundi wanaupenda: hauli nguvu ya uzi, unaupeleka mtikisiko kwenye mbao. Kukata ni kwa msumeno wa chuma. Vumbi lake linanuka kama mahali pa daktari wa meno, na si vumbi la kuvuta, kwa hiyo funga pua na mdomo. Kisha msasa umelazwa juu ya kioo, kioo kwa sababu kimenyooka kuliko meza yoyote ya nyumbani, unasugua upande mmoja, unapima, unasugua, hadi kipande kiingie kwenye nafasi yake kwa kusukumwa na kidole gumba.

Mifereji ndiyo iliyonipeleka eneo la Gerezani. Tupa maalumu za kukatia mifereji zinauzwa kwa seti, na bei ya seti moja inakaribia bei ya gitaa lenyewe. Lakini wachomeleaji wa gesi wa pale wana visindano vya kusafishia midomo ya bomba zao, vyuma vyembamba vyenye meno madogo, vimepangwa kwa ukubwa ndani ya kibati kinachokunjwa, na vinapatikana kwa bei ya chakula cha mchana. Uzi mwembamba kabisa wa gitaa una unene wa robo milimita. Ule mnene una zaidi kidogo ya milimita moja. Visindano vile vina ukubwa unaokaribia huo, utadhani vilitengenezwa kwa kazi hii. Unakata kidogo, unarudisha uzi, unaukaza, unaubana kati ya freti ya pili na ya tatu na kutazama pengo lililobaki juu ya freti ya kwanza. Likitoshea karatasi tu, umefika. Ukiugonga uzi hapo kwa ncha ya kidole unasikia "tik" ndogo sana ya uzi kugusa chuma. Ukikosa "tik" umezidisha kina, na unaanza upya na mfupa mwingine. Ng'ombe ana mifupa ya kutosha.

Nilipomaliza, kodi ya F ilibanika kwa nguvu ya kawaida ya mkono wa mtu, na iliimba. Gitaa lile lile, nyuzi zile zile.

Hadithi za magitaa ya kujiundia ni nyingi na husimuliwa sana. Franco Luambo alianza utotoni na gitaa la mkebe na nyaya. Ibrahim Ag Alhabib wa Tinariwen, katika jangwa la Sahara, alilifanya lake kwa mkebe, fimbo na waya wa breki ya baiskeli. Brian May na baba yake Harold walianza mwaka 1963, nyumbani kwao pembezoni mwa London, kuunda gitaa lililotumia mbao ya rafu ya mahali pa moto, springi za pikipiki kuukuu na ncha ya sindano ya kufumia, na May amelipiga gitaa hilo maisha yake yote. Eddie Van Halen alinunua mwili wenye kasoro kwa dola 50 na shingo kwa dola 80, akachimba tundu la pikapu aliyoichomoa kwenye gitaa jingine, na hilo ndilo linalosikika kwenye albamu ya kwanza ya bendi yake ya mwaka 1978. Husimuliwa kama hadithi za ujanja wa asiyenacho. Mimi naziona kwa upande mwingine. Watu hawa walilazimika kujua kila kipande kinafanya kazi gani, na waliojua hivyo hawakuwa tena watumwa wa kitu chenyewe. Van Halen aliacha kitufe kimoja tu kinachofanya kazi kwenye gitaa lake, kwa sababu alijua vingine havihitaji.

Kwetu kulifungua gitaa hakukuwa rahisi hivyo, na sababu yake inastahili kutajwa. Ule mfumo mzima wa magitaa ya dansi la Tanzania, la solo linalotangulia, la pili linalolijibu, la ridhimu linaloshika nyumba na lile zito la besi linalotembea chini, ulijengwa kwa sehemu kubwa na watu ambao gitaa walilolipiga halikuwa lao. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Jeshi, polisi, vijana wa chama tawala, mashirika ya umma, wote walikuwa na bendi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mishahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki akihama bendi, na walihama sana, aliondoka na vidole vyake, gitaa likabaki. Fedha za kigeni zilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980, hata nyuzi zilikuwa kitu cha kutunzwa.

Nikisikiliza kanda za wakati ule nastaajabu walichokitoa. Wimbo unapoingia kwenye chemko, ile sehemu yake ya kuchezesha, solo inapanda juu kabisa ya shingo, noti zinadondoka moja moja, safi, na chini yake ridhimu haitikisiki. Ule usafi unatoka mkononi. Lakini vilevile nafikiria kwamba gitaa la mwajiri hulikwangui. Huwezi kuchukua tupa ukaanza kula freti za mali ya shirika. Mpigaji alilizoea gitaa kwa kasoro zake, akazungukia pale lilipokuwa gumu, na ujuzi wa kulitengeneza ukabaki kwa mafundi wachache. Kizazi kile kilituachia muziki mkubwa. Ufundi wa chombo chenyewe hakikupata nafasi ya kuturithisha.

Leo shule kubwa ya gitaa la umeme mijini ni kanisa. Huko ndiko vijana wengi wanakoshika gitaa kwa mara ya kwanza, na wapo wanaopiga vizuri mno. Hali ya umiliki, hata hivyo, haijabadilika sana: gitaa ni la kwaya, linafungiwa stoo, ufunguo uko kwa kiongozi. Kijana anayepiga Jumapili hana gitaa Jumatatu. Ndiyo maana naliheshimu lile boksi la Kariakoo. Kwa mara ya kwanza kijana wa kawaida, kwa akiba yake ya miezi michache au kwa msaada wa shangazi, anaweza kuwa na gitaa ambalo ana ruhusa ya kulifungua. Ruhusa hiyo ndiyo naitamani ajue kwamba anayo.

Akilifungua, atakutana na umeme, na hapo asihofu. Chombo hiki kilibuniwa na fundi redio na kila mtaa wetu una fundi redio. Wangu ni mzee mwenye kibanda Temeke, kazi yake ya kila siku ni spika na redio za magari. Nilipompelekea gitaa linalounguruma aliligeuza mara mbili.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hii nayo ni redio?"

Alifungua kibati cha mbele, akachungulia, akacheka kwa furaha. Ndani hamna mengi: pikapu tatu, swichi moja, vitufe vitatu, kapasita moja na tundu la waya. Pikapu yenyewe ni sumaku iliyozungukwa na waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko karibu elfu nane. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa kwenye waya, unakwenda kwenye amplifaya. Kwa bahati mbaya mizunguko ile inakamata pia kila kitu kinachopita hewani: taa za mirija, chaja za simu, nyaya za ukutani zenye umeme wa hezi 50. Huo ndio muungurumo. Mzee aligundua kwamba waya unaotakiwa kuunganisha daraja la nyuzi na ardhi ya saketi ulikuwa umegusishwa tu, haukulehemiwa. Akaulehemu. Kisha nikafunika kuta za uwazi ulio chini ya kibati kwa karatasi ya shaba yenye gundi, mzee akaiunganisha na ardhi pia, na muungurumo ukapungua hadi ukawa kitu unachokisahau. Alibadilisha na kapasita ya kitufe cha toni, akitumia iliyotoka kwenye redio mbovu, na kitufe ambacho zamani kilikuwa kinaziba sauti ghafla kikaanza kuipunguza polepole.

Jambo moja analosisitiza, nami nalirudia kwa uzito ule ule: angalia tundu la ukutani. Nyumba nyingi za kupanga hazina waya wa ethi uliofungwa sawasawa. Amplifaya isiyo na ethi inaunguruma, na mbaya zaidi, inaweza kumpiga shoti mtu aliyeshika nyuzi za chuma huku mdomo wake ukigusa maikrofoni. Fedha ya kwanza ya kuboresha gitaa heri iende kwa fundi umeme.

Hilo linanifikisha kwenye tamaa ya vipuri, ambayo ina nguvu na ambayo naifahamu kwa wengi. Kuna furaha halali katika kununua kitu kidogo kinachong'aa na kukifunga mwenyewe. Lakini naona watu wanaanzia mwisho. Wanaanza na pikapu, kwa kuwa pikapu ndizo zenye majina na sifa, wakati nyuzi zimeoza kwa jasho na hewa ya chumvi, freti zinakwaruza, na kizingiti kinabana. Pikapu nzuri itanasa kwa uaminifu zaidi sauti ya gitaa lisilotuniwa. Mpangilio wangu ni rahisi: nyuzi mpya, freti, kizingiti, daraja, umeme. Vyote hivyo vikiwa tayari, kaa na gitaa muda mrefu, kisha jiulize kama bado unataka kununua. Funguo mara nyingi zinabaki zile zile. Kibati kinabaki kile kile. Amplifaya ndiyo ningeitolea fedha, kwa sababu ile ndogo ya kwenye boksi ina spika ya ukubwa wa kikombe na haiwezi kuibeba besi ya kidole gumba, achilia mbali kusikika juu ya ngoma.

Daraja nimelitaja harakaharaka na lina haki yake, maana hapo ndipo sikio linapofundishwa. Kwenye gitaa la namna hii uzi una urefu wa milimita 648 kutoka kizingiti hadi darajani. Freti ya 12 iko nusu ya njia, milimita 324, na hapo noti inajirudia juu zaidi. Gusa uzi juu ya freti hiyo bila kuubana, upige, ondoa kidole: inatoka sauti nyembamba, ya juu. Sasa ubane hapohapo, upige tena. Sauti hizo mbili zinatakiwa zifanane. Ya kubana ikiwa juu, uzi ni mfupi mno; unageuza skrubu ya tandiko lake darajani, linarudi nyuma. Ikiwa chini, unalisogeza mbele. Kiwandani kazi hii haifanywi kwa makini, na hata ingefanywa, ukibadilisha unene wa nyuzi inabidi urudie. Programu za simu zinaonyesha tofauti kwa mshale na ni za bure. Mimi nashauri utumie mshale kwa nyuzi mbili za kwanza, kisha uzime simu. Zilizobaki zisikilize, kila sauti ukiilinganisha na noti ile ile kwenye uzi mwingine. Sauti mbili zisizolingana zikilia pamoja zinatoa mawimbi, wa-wa-wa, ya haraka zikiwa mbali, ya polepole zikikaribiana, na zikikutana mawimbi yanatulia. Kijana mmoja wa kwaya niliyekaa naye kufanya kazi hii hakuyasikia kabisa mwanzoni. Tulipofika uzi wa tano alinyanyua mkono kunizuia nisiguse skrubu: "Bado, kaka, bado kidogo." Alikuwa sahihi. Hakuna gitaa la milioni tatu ambalo lingemfundisha hilo, kwa kuwa lingekuja tayari limepangwa.

Pikapu za awali bado zimo kwenye gitaa langu jekundu. Ni za bei ya chini: vigingi vya chuma na kipande kimoja cha sumaku ya seramiki kimegandishwa chini yake, si zile fimbo za aloi ya alumini, nikeli na kobalti zinazosifiwa. Sauti yake ilikuwa kali, inachoma. Nilizishusha kwa bisibisi, kila moja milimita kadhaa mbali na nyuzi, na ukali ukapungua. Ya shingoni ikapata unono ambao sikuutarajia. Rafiki zangu wawili wapigaji wanaendelea kunishauri nizibadilishe, na mmoja ana seti ya ziada anayotaka kuniuzia. Huenda siku moja nitafanya hivyo kwa pikapu ya daraja, kwa ajili ya solo. Ya kati sitaigusa. Imezungushwa kinyume na zile nyingine, kwa hiyo swichi ikikaa nafasi ya pili au ya nne pikapu mbili zinafutiana muungurumo na kubaki na sauti nyembamba, yenye uwazi katikati, inayokaa vizuri kati ya besi na mwimbaji. Kwa ridhimu ya dansi sijasikia inayonifaa zaidi, na Jumamosi ijayo tunayo mazoezi ya nyimbo tatu zinazoihitaji.